"Tumeonewa na refa": Mtoto anaporudi na uchungu kutoka mashindano ya roboti

Mtoto anaingia ndani jioni, begi bado lipo mgongoni, fulana ya timu ina madoa ya grisi. Anaitwa kula, anasema hana njaa. Anaulizwa mashindano yamekwendaje, anajibu neno moja: "Tumeonewa." Mlango wa chumba unafungwa.

Mzazi mwenye mtoto kwenye klabu ya roboti ya shule anaijua jioni ya namna hiyo. Kwa wiki nyingi mtoto amekuwa akichelewa kurudi, akikata waya, akiandika programu, akifungua skrubu na kuzifunga tena. Siku yenyewe ikafika, kazi yote ikapimwa kwa dakika mbili na nusu. Refa akatoa ishara, pointi zikakatwa, timu ikatoka.

Kuanzia hapo wazazi hugawanyika. Wapo wanaompigia mwalimu simu usiku uleule, na kabla hakujakucha kundi la WhatsApp la wazazi limeshamhukumu refa. Wapo wanaomwambia mtoto aache kudeka, kwani huo ni mchezo tu na kesho kuna shule. Wote wana nia njema. Lakini wote humwacha mtoto na swali lake lilelile: je, kilichotokea kilikuwa haki?

Swali hilo linastahili kujibiwa kwa utulivu, kwa sababu mashindano haya yamejaa mambo yanayoweza kuonekana kuwa uonevu hata pale ambapo hakuna aliyeonewa. Na wakati mwingine uonevu upo kweli, ila haupo pale mtoto anapoutazama.

Mchezo wenyewe ukoje

Mashindano ya roboti ya wanafunzi yana sura nyingi. Yanayojulikana zaidi ni yale ya FIRST, taasisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1989 na mvumbuzi Dean Kamen. Mashindano yake ya kwanza yalifanyika mwaka 1992 katika jimbo la New Hampshire, yakiwa na timu 28 ndani ya ukumbi wa michezo wa shule. Kuna pia World Robot Olympiad, iliyoanza mwaka 2004 nchini Singapore. Tangu mwaka 2017 kuna FIRST Global, ambako kila nchi hupeleka timu moja. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimewahi kushiriki huko.

Kwa watoto wadogo, roboti hujengwa kwa matofali ya LEGO na hucheza juu ya meza. Kwa wanafunzi wa sekondari wanaoshindana katika FIRST Robotics Competition, roboti huweza kuwa na uzito wa zaidi ya kilo 50, na hucheza tatu kwa tatu, muungano mwekundu dhidi ya wa buluu. Mechi huchukua takriban dakika mbili na nusu. Ndani ya muda huo refa anatakiwa kuona nani amemgonga mwenzake mahali pasiporuhusiwa, nani amevuka mstari kabla ya wakati, na nani ameshika mipira zaidi ya idadi iliyowekwa. Roboti ni sita na macho ya binadamu ni mawili.

Jambo jingine linalowashangaza wazazi waliokulia kwenye mpira wa miguu ni kwamba mchezo hubadilika kila mwaka. Kanuni za kuotea zinaweza kubaki zilezile tangu mzazi akiwa shule ya msingi hadi mwanawe anapofika sekondari. Kwenye roboti, kila msimu huja na mchezo mpya, uwanja mpya na kitabu kipya cha kanuni. Mtoto anayeshindana miaka minne amejifunza michezo minne.

Peremende nne kwa moja

Kabla ya kumlaumu mtoto kwa kulia, inafaa kujua jinsi hisia ya haki inavyokua.

Mwaka 2015 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto wa miaka 4 hadi 15 katika nchi saba: Canada, India, Mexico, Peru, Senegal, Uganda na Marekani. Watoto waliketi wawili wawili wakitazamana, na mbele yao zikawekwa peremende, kwa mfano nne upande mmoja na moja upande wa pili. Mmoja wao alipewa uwezo wa kuukubali mgao huo au kuukataa. Akiukataa, wote wawili hawapati kitu.

Katika nchi zote saba, watoto walipokua walifikia hatua ya kukataa mgao uliompa mwenzao zaidi yao. Walikuwa tayari kukosa hata ile peremende moja kuliko kupunjwa. Katika nchi tatu, ambazo ni Canada, Marekani na Uganda, watoto wakubwa walikwenda mbali zaidi: walikataa hata mgao uliowapendelea wao wenyewe.

Peremende si roboti, na meza ya utafiti si uwanja wa mashindano. Hata hivyo, mzazi anapata funzo. Mtoto anayelalamika kuhusu haki anatumia kipimo ambacho watoto wa mabara tofauti hukijenga kadiri wanavyokua, na kumwambia "ni mchezo tu" hakukiondoi kipimo hicho. Funzo la pili ni kwamba kipimo hicho huweza kukomaa. Kijana anaweza kufika mahali pa kuuliza si tu "tumenyimwa nini?" bali pia "je, tuliwahi kupewa tusichostahili?" Mzazi anaweza kumsaidia kufika hapo.

Kanuni ikibadilika katikati ya safari

Lalamiko linalosikika mara nyingi ni kwamba kanuni zimebadilishwa wakati timu zimeshaanza kujenga. Kwa mtoto, hilo ni sawa na mwalimu kubadilisha swali la mtihani wakati amefika nusu ya jibu.

Katika FIRST Robotics Competition, mchezo hufichwa hadi siku moja ya mwezi Januari, kisha hutangazwa kwa timu zote duniani kwa pamoja. Baada ya hapo waandaaji hutoa matangazo ya marekebisho, ambayo katika wiki za ujenzi hutoka Jumanne na Ijumaa. Mengi hufafanua neno lenye utata au kusahihisha kipimo kwenye mchoro. Machache hubadilisha kanuni yenyewe.

Mabadiliko hayo machache ndiyo huumiza. Timu moja husoma kitabu cha kanuni kwa makini kuliko wengine, ikaona mwanya ambao waandishi hawakuukusudia, ikajenga roboti nzima kuufuata. Wiki ya tatu tangazo linatoka, mwanya umezibwa. Timu hiyo haikuvunja kanuni yoyote. Ilichofanya ni kusoma vizuri, na sasa inalipia kusoma vizuri. Upande wa pili, mwanya ukiachwa, timu nyingine zote zitacheza msimu mzima mchezo ulioharibika. Hakuna uamuzi hapo usiomwumiza mtu.

World Robot Olympiad imelichukua tatizo hilo na kulifanya sehemu ya mchezo. Katika shindano lake la kutimiza kazi juu ya meza, asubuhi ya mashindano hutangazwa kanuni ya kushtukiza ambayo haimo kwenye kitabu. Huweza kuongeza kazi au kubadilisha iliyopo. Wakufunzi hukaa nje ya eneo la timu, na watoto wenyewe hukaa kitako, husoma na kubadilisha programu yao kwa muda uliopangwa. Kwa miaka mingi watoto walilazimika hata kufika na roboti iliyofumuliwa vipande vipande na kuijenga upya palepale bila karatasi ya maelekezo.

Kwa juu juu, hakuna jambo lisilo la haki kuliko kubadilisha kanuni siku ya mashindano. Lakini watoto wengi huipokea bila malalamiko. Waliambiwa tangu mwanzo kwamba kanuni ya kushtukiza itakuja. Hutangazwa kwa wote saa ileile, na hakuna timu inayoisikia jana yake kupitia kwa mjomba aliye kwenye kamati.

Hapo ndipo mzazi anapaswa kuelekeza swali. Kanuni kubadilika peke yake si uonevu. La kuuliza ni kama njia ya kuibadilisha ilijulikana mapema, kama kila timu ilipata taarifa kwa wakati mmoja na kwa maandishi, na kama ulibaki muda wa kujirekebisha. Majibu yote matatu yakiwa ndiyo, mtoto amepata bahati mbaya, na bahati mbaya huzoeleka. Jibu mojawapo likiwa hapana, mtoto ana hoja na asinyamazishwe.

Mfuko wa plastiki

Kuna kanuni ambayo haikubadilishwa ghafla, ilikuwa sawa kwa wote, na bado iliwapendelea wenye nacho.

Kwa miaka mingi, timu za FIRST Robotics Competition zilikuwa na takriban wiki sita za kujenga roboti. Siku ya mwisho ikifika, roboti ilifungwa ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki na kuwekewa lakiri yenye namba. Haikuruhusiwa kufunguliwa hadi kwenye mashindano, isipokuwa kwa nafasi chache zilizotajwa kwenye kanuni. Kusudi lilikuwa zuri: kila mtu apate siku zilezile, na walimu na wanafunzi wapumzike.

Kilichotokea ni kwamba timu zenye fedha zilijenga roboti mbili zinazofanana. Ya kwanza ilifungwa mfukoni kama kanuni ilivyotaka. Ya pili ilibaki karakana, na madereva wake wakaendelea kufanya mazoezi kila jioni. Timu isiyoweza kununua injini na vyuma mara mbili ilikaa ikiutazama mfuko wake. Mapumziko nayo hayakupatikana, kwa kuwa wiki sita zilegeuka kuwa wiki za kukesha, na baada ya kufunga mfuko kazi ikahamia kwenye roboti ya pili.

Mwaka 2018 waandaaji walitangaza kwamba mfuko utaondolewa kuanzia msimu wa 2020, na ukaondolewa. Wapo walioshangilia na wapo walioogopa kwamba sasa kazi haitakuwa na mwisho na watoto watachoka zaidi. Hofu hiyo ina msingi. Wataalamu wa tiba ya usingizi nchini Marekani hushauri vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kila usiku, na kijana anayetoka karakana saa nne usiku akisubiriwa na kazi za shule hawezi kuzifikia saa hizo.

Mtoto anayelalamikia uonevu mara nyingi hutaja filimbi ya refa, kwa sababu hiyo ndiyo aliyoisikia. Huenda hakuiona roboti ya pili iliyobaki karakana ya wapinzani. Mzazi aliye na macho ya mbali zaidi anaweza kumwonyesha kwamba kanuni moja kwa wote huweza kuwa mzigo mwepesi kwa mmoja na mzito kwa mwingine. Anaweza pia kumweleza kwamba kanuni hiyo ilibadilika baada ya miaka ya watu kuieleza kasoro yake kwa hoja.

Pia kuna haki inayoamuliwa mbali kabisa na uwanja. FIRST Global hutuma vifaa vya aina moja kwa kila nchi, ili timu ya nchi tajiri isije na injini ambazo wengine hawajawahi kuziona. Hata hivyo, mwaka 2017, kabla ya mashindano ya kwanza jijini Washington, wasichana sita wa Afghanistan kutoka Herat walinyimwa viza ya Marekani mara mbili, na vifaa vyao vilikuwa vimecheleweshwa forodhani. Timu ya Gambia nayo ilikataliwa mwanzoni. Baada ya kelele za dunia nzima na Rais Donald Trump kuingilia kati, wasichana wale waliruhusiwa kuingia siku chache kabla ya mashindano. Hakuna refa ambaye angeweza kuwarudishia wiki za mazoezi walizopoteza.

Mraba wa maswali

Sasa turudi kwa refa mwenyewe.

Katika FIRST Robotics Competition kuna mraba uliochorwa sakafuni kando ya uwanja, unaoitwa kisanduku cha maswali. Mechi ikimalizika na uwanja ukitangazwa kuwa salama, timu yenye malalamiko humtuma mwanafunzi mmoja asimame ndani ya mraba huo. Mwamuzi mkuu humfuata hapo na kumsikiliza. Mwalimu haruhusiwi kwenda badala yake, wala mhandisi anayeisaidia timu, wala mzazi. Mwanafunzi anatakiwa aijue kanuni anayoizungumzia, aeleze alichokiona na kuuliza.

Mwamuzi mkuu hujibu, na uamuzi wake ni wa mwisho. Hatazami video wala picha, hata kama mama wa mchezaji ameirekodi mechi nzima kwa simu nzuri. Mashindano ya VEX nayo yana kanuni inayofanana na hiyo: video haitazamwi, na wanaozungumza na mwamuzi ni wanafunzi wanaocheza.

Wazazi wengi hukasirishwa na suala la video. Lakini mzazi aliyewahi kurekodi mchezo wa mwanawe anajua kwamba kamera yake ilimfuata mwanawe. Haikuwafuata wale wengine watano. Video ingekubaliwa, ushahidi ungekuwa wa timu yenye wazazi wengi na simu bora, na mechi moja ingesimamisha nyingine kwa nusu saa. Waamuzi wengi ni watu wanaojitolea, na kwa siku moja huchezesha mechi kwa makumi.

Kwa watoto wadogo wa FIRST LEGO League, njia ni laini zaidi. Mechi ikiisha, refa huinama mezani na watoto, wakahesabu pamoja kazi moja baada ya nyingine. Jambo likiwa gumu kuamua na hakuna ushahidi wa wazi upande wowote, timu hupewa faida ya shaka. Anayekubaliana na refa kuhusu alama ni mtoto, na mkufunzi husubiri pembeni.

Utaratibu huu wa kumpa mtoto nafasi ya kusema una maana kubwa kuliko unavyoonekana. Mwaka 1975 mwanasaikolojia John Thibaut na mwanasheria Laurens Walker walichapisha kitabu kuhusu jinsi watu wanavyoipima haki ya utaratibu katika migogoro. Walionyesha kwamba watu hujali sana kama walipata nafasi ya kueleza upande wao. Aliyesikilizwa huuona utaratibu kuwa wa haki zaidi, hata akishindwa.

Kijana aliyesimama kwenye mraba ule, akauliza kwa adabu, akajibiwa kwa kanuni, anarudi nyumbani na huzuni. Kijana ambaye baba yake aliruka uzio na kumfokea refa anarudi nyumbani na aibu juu ya huzuni, na bado hajajibiwa. Baba amelichukua swali la mwanawe na kulifanya ugomvi wake.

Waandaaji walipokosea

Je, refa au waandaaji wakikosea kweli?

Hutokea, na ilishatokea mahali pakubwa kabisa. Aprili 2012, fainali za dunia za FIRST Robotics Competition zilifanyika St. Louis, Marekani. Katika mechi za mwisho, kwenye uwanja uitwao Einstein, roboti kadhaa zilipoteza mawasiliano na kusimama kama magogo mbele ya maelfu ya watazamaji. Madereva walibonyeza vitufe na hakuna kilichosogea. Wengine walikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, hawakuwa na msimu mwingine wa kujaribu tena.

Waandaaji wangeweza kusema uamuzi ni wa mwisho na kufunga jalada. Badala yake walifanya uchunguzi na kuzialika timu zilizocheza pale zilete roboti zao zipimwe. Julai mwaka huohuo wakachapisha ripoti ambayo kila mtu angeweza kuisoma. Ripoti ilionyesha kwamba chanzo hakikuwa kimoja. Zilikuwapo kasoro katika baadhi ya roboti zenyewe na udhaifu katika mfumo wa mawasiliano ya uwanja. Alikuwapo pia mtu mmoja aliyetumia simu yake ya mkononi kuingilia mawasiliano ya roboti kwa makusudi.

Matokeo ya siku ile hayakufutwa, na bingwa alibaki bingwa. Wale ambao roboti zao zilisimama hawakurudishiwa mechi. Walichopata ni ukweli ulioandikwa, pamoja na kasoro za waandaaji wenyewe. Hilo halitoshi kuponya jeraha lote, lakini mtoto aliyeambiwa ukweli halali akijiuliza kama ni yeye aliyekosea kuunga waya.

Tukio hilo lina somo jingine kwa mzazi mwenye hasira. Usiku ule wa Aprili kila mtu ukumbini alikuwa na maelezo yake. Anayeilaumu roboti alikuwa na sehemu ya ukweli, na anayeulaumu uwanja pia. Picha nzima ilihitaji karibu miezi mitatu. Kundi la WhatsApp la wazazi hutaka kuipata kwa dakika kumi.

Nyumbani, usiku ule

Mlango wa chumba bado umefungwa. Mzazi afanye nini?

Kwanza, asianze na hoja. Mwili wa mtoto aliyetoka kwenye mashindano bado una msukosuko: moyo ulienda mbio mchana kutwa, huenda hakula vizuri, na usiku uliopita alilala kidogo. Kuoga, chakula na usingizi vitangulie. Neno moja linatosha usiku huo: "Pole, najua mlifanya kazi kubwa." Mzazi asiongeze "lakini".

Kesho yake, mtoto akiwa tayari, mzazi anaweza kukaa naye na kitabu cha kanuni. Aulize maswali machache na kusubiri majibu. Kanuni ipi ilitumika kuwakata pointi? Mliijua kabla? Mlimuuliza mwamuzi, na alijibu nini? Kama mngekuwa timu ile nyingine, mngeuonaje uamuzi huo? Swali la mwisho ni gumu, na mtoto asilazimishwe kulijibu siku hiyohiyo.

Mara nyingi mazungumzo haya huonyesha mojawapo ya mambo matatu. Huenda kanuni ilikuwa wazi na timu haikuisoma, na hilo ni somo la msimu ujao. Huenda refa hakuona, na hilo ni jambo la binadamu anayejitolea. Au huenda kuna kasoro ya kweli katika kanuni au uendeshaji. Hapo mtoto asaidiwe kuiandika: nini kilitokea, kanuni namba ngapi, na angependekeza ibadilishwe vipi. Barua hiyo aiandike yeye na wenzake, mwalimu aisome, kisha itumwe kwa waandaaji. Mzazi asahihishe herufi tu.

Yapo mambo ambayo mzazi hapaswi kumwachia mtoto. Mtu mzima akimtukana mwanafunzi, akimgusa isivyofaa, akimbagua kwa jinsia, ulemavu au anakotoka, au usalama ukipuuzwa karibu na mashine, mzazi azungumze mwenyewe na wahusika siku hiyohiyo. Hayo si masuala ya pointi. Na kama huzuni ya kushindwa haipungui, mtoto akawa halali, hali vizuri, anajitenga na marafiki au anasema hana thamani, na hali hiyo ikaendelea kwa wiki mbili, apelekwe kwa mtoa huduma wa afya au mshauri nasaha. Akizungumzia kujidhuru, zisisubiriwe wiki mbili wala siku mbili.

Walimu nao wana sehemu yao. Klabu inayosoma kitabu cha kanuni kwa sauti wiki ya kwanza, inayompa mwanafunzi mmoja jukumu la kufuatilia kila tangazo la marekebisho, na inayofanya mazoezi ya kumuuliza refa kama inavyofanya mazoezi ya kuendesha roboti, huwapunguzia watoto machozi mengi. Katika mashindano madogo ya shule kwa shule, ambako kanuni mara nyingine hutolewa kwa mdomo, walimu wanaweza kukubaliana mapema mambo ya msingi: kanuni ziandikwe, zisibadilishwe baada ya tarehe fulani, na mwalimu wa timu asichezeshe mechi ya timu yake.

Jumapili saa nne asubuhi kijana anatoka chumbani, macho bado mazito. Anakunywa chai, anauvuta ule mrundo wa karatasi za kanuni uliokuwa mezani, anapekua. Baada ya muda anaweka kidole kwenye mstari mmoja na kusema, "Mama, hapa ndipo tulipobishana. Njoo usome, uniambie wewe ungeelewa nini."

Mama anafuta mikono, anavuta kiti, anasoma.